Sepsisi: damu ya kuotesha kwanza, na saa iandikwe

Homa peke yake si sepsisi. Tafsiri inayotumika tangu 2016 inadai zaidi: mwili umeyapokea maambukizi kwa vurugu kiasi kwamba viungo vyake wenyewe vinaanza kushindwa kazi. Mtu mzima mwenye maambukizi ya mkojo akipumua mara 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha ikishuka hadi 100 au chini, au akianza kuchanganyikiwa, simwachi kwenye foleni. Wazee wengine hawachemki kabisa. Na kipimo cha malaria kikitoka chanya, usiishie hapo. Malaria na bakteria huweza kumkamata mtu mmoja kwa pamoja.

Damu ya kuotesha, yaani ile inayopelekwa maabara kuona ni bakteria gani wataota, itolewe kabla ya antibaiotiki, maana hata dozi moja yaweza kuwazuia bakteria wasiote. Safisha ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti, iache ikauke yenyewe, usiupapase tena mshipa. Futa na vizibo vya chupa. Mtu mzima: mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, seti mbili, kutoka sehemu mbili tofauti. Damu ikiwa kidogo, bakteria waliomo hawaonekani. Ngozi isiposafishwa vizuri, wanaoota ni stafilokoki, bakteria wa ngozini, na mgonjwa anaishia kupewa vankomaisini, antibaiotiki asiyoihitaji. Lakini mshipa ukikataa, dawa isingoje: mwenye shoki, yaani ambaye presha imeporomoka na damu haifiki vizuri kwenye viungo, aipate ndani ya saa 1.

Kwenye dripu, tahadhari. Mwongozo wa kimataifa unapendekeza mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3. Utafiti wa Zambia uliochapishwa 2017, wagonjwa wake wengi wakiishi na VVU, ulikuta waliopewa maji mengi haraka wakifa zaidi: asilimia 48 dhidi ya 33. Pasipo mashine ya kupumulia, mimi hutoa nusu lita, nasikiliza mapafu, nahesabu pumzi, ndipo naamua kuongeza.

Kwenye faili, “urosepsisi”, yaani sepsisi iliyotoka kwenye njia ya mkojo, haitoshi. Haisemi kama maambukizi yamebaki kwenye mkojo au yameshagusa viungo vingine. Andika chanzo, kimelea na kiungo kilichoathirika: “Sepsisi ya E. coli kutoka kwenye figo, kreatinini imepanda kutoka 80 hadi 210.” Kreatinini ni kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Andika saa ya kutoa damu na saa dozi ya kwanza ilipoingia, si saa ilipoagizwa. Majibu ya maabara kuhusu dawa ambazo bakteria ni sugu kwazo yakifika, andika dawa uliyobadilisha, sababu yake, na siku ya kuisimamisha.