Kutoka kitandani hadi chooni: pa kuanzia ukitaka mzee awe salama nyumbani

Mzee akianguka nyumbani, swali la kwanza huwa ni kuhusu sakafu: je, kulikuwa na maji, au zulia lilijikunja? Ni swali zuri, ila halitoshi. Kijana akijikwaa kwenye zulia hilohilo hupepesuka, akatupa mguu mbele upesi, akasimama. Mzee naye hupepesuka vilevile, lakini mguu wake hauwahi. Kwa hiyo kazi ya fundi na kazi ya mtaalamu wa tiba ya viungo ni kazi moja. Chuma cha kushikia hakimsaidii mtu ambaye mapaja yake hayana nguvu ya kumnyanyua, na mazoezi ya miezi mitatu yanaweza kupotea usiku mmoja kwenye vigae vyenye maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, na wengi wao ni wenye zaidi ya miaka 60.

Usianze na nyumba nzima. Anza na njia moja, ile ya kutoka kitandani hadi chooni, na uitazame kama ilivyo saa nane usiku. Hapo hatari zote hukutana: giza, usingizi ambao haujaisha, haraka ya haja, miguu mitupu, na shinikizo la damu linaloshuka mtu anaponyanyuka ghafla.

Kwanza kitanda. Mwombe mzee aketi ukingoni. Nyayo zote mbili zinapaswa kukaa bapa sakafuni, na magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Kitanda kikiwa kifupi mno, itambidi ajirushe ili asimame, na ajirushaye huanguka mbele. Kikiwa kirefu, miguu huning'inia, naye huteremka kwa kuteleza. Ukikiinua, tumia vipande vya mbao vilivyochimbwa shimo la kupokea mguu wa kitanda. Matofali yaliyopangwa huhama kidogokidogo bila mtu kuona.

Kabla ya kusimama, akae ukingoni dakika moja au mbili, akiinua na kushusha vidole vya miguu mara 10 au 15. Misuli ya miguu ikicheza, damu iliyotuama chini husukumwa kurudi juu. Akishasimama, ahesabu hadi 10 huku ameshika kitu imara, ndipo apige hatua. Kizunguzungu kikiendelea, apimwe shinikizo akiwa amelala, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari azipitie dawa anazotumia, hasa za shinikizo na za usingizi. Mzee asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Taa ziwe za chini, karibu na sakafu, zinazowaka zenyewe mtu akipita: moja kando ya kitanda, moja njiani, moja mlangoni pa choo. Taa kali ya dari hupofusha macho yaliyozoea giza, na swichi yake kwa kawaida iko mbali na kitanda. Zulia dogo la njiani liondolewe kabisa. Kulibandika gundi hakutoshi, kwa kuwa ncha zake huchomoka tena. Kama anatumia fremu ya kutembelea, ipime upana wake, kisha upime mlango. Asilazimike kupita ubavu, maana hapo ndipo fremu hugonga mlango naye akapoteza mizani. Penye kizingiti, mteremko ukae kwa kipimo cha 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 5 kinahitaji mteremko wa sentimita 60. Mafundi hupenda kuufupisha. Usikubali.

Chooni ndiko makosa mengi hufanyika. Watu hushika kitundikio cha taulo, au ukingo wa sinki, au chuma chenye vikombe vya mpira kinachobandikwa kwenye vigae, na hakuna kimojawapo kilichotengenezwa kubeba mtu. Chuma halisi cha kushikia kinapaswa kuhimili kilo 113 bila kutikisika. Skrubu zake ziingie kwenye tofali, zege au nguzo ya mbao iliyo nyuma ya ukuta. Zikishika kigae peke yake, au ubao wa jipsamu, siku ya kuvutwa kwa nguvu zitang'oka na kipande cha ukuta. Bomba liwe la duara, nene kati ya sentimita 3 na 4, ili vidole vilizunguke vizuri. Nafasi kati yake na ukuta iwe takriban sentimita 4, isizidi sana. Nafasi ikiwa pana, mkono huweza kupenya ndani wakati wa kuteleza na mfupa ukavunjika hapo.

Kimo cha kawaida cha chuma kilicholazwa ni sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, lakini mwili wa mwenyewe ndio unaoamua. Mweke mzee kwenye kiti cha choo, mwambie ainuke kama kawaida yake, kisha utie alama ya chaki pale mkono wake unapotafuta pa kushika. Kiti chenyewe kiwe na kimo cha sentimita 43 hadi 48. Kikiwa chini, ongeza kiinua kiti chenye vibanio. Mahali pa kuogea paongezwe chuma kilichosimama wima pa kuingilia, kiti cha kuogea chenye mipira miguuni, na taulo mahali anapolifikia bila kujinyoosha.

Sasa mwili. Zoezi linalolipa kuliko yote ni lile analofanya kila siku bila kulihesabu: kuketi na kusimama. Tumia kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainame hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asukume sakafu kwa visigino. Kurudi kwenye kiti ahesabu 1 hadi 4, taratibu, maana kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Aanze na mara 5, seti 2, na asibane pumzi. Kila mwezi mpime: mikono ikiwa imekunjwa kifuani, anasimama kikamilifu mara ngapi kwa sekunde 30? Mwenye miaka 75 hadi 79 akishindwa kufikia 11 kwa mwanamume, au 10 kwa mwanamke, yuko katika hatari ya kuanguka na anahitaji mtaalamu.

Kosa tunaloliona mno ni mazoezi ya kukaa, ya kurusha miguu kitini kwa miezi, mepesi siku zote. Husaidia magoti yasikakamae, lakini mizani ya mwili hufunzwa kwa kusimama. Ashike meza nzito, mtu akiwa karibu, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, na alenge kukaa hivyo sekunde 10. Akiweza, apunguze mkono hadi kidole kimoja, kisha aachie. Mpango wa Otago wa New Zealand, ambao ni mpango wa mazoezi ya kuzuia wazee wasianguke, hufuata njia hiyohiyo: mazoezi ya nguvu na mizani mara 3 kwa wiki, pamoja na kutembea, na ugumu huongezwa hatua kwa hatua.

Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu usio na tatizo, mpini ukiwa usawa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, mkono ukining'inia.

Tena, afundishwe kuinuka akianguka, angali mzima, chini ya usimamizi. Kwanza atulie na kujikagua. Akihisi maumivu makali ya nyonga, shingo au kichwa, asijiinue, aite msaada. Akiwa salama, ageuke ubavu, ajisukume hadi mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti imara, aweke mikono juu ya kiti, atangulize mguu wenye nguvu, ajiinue, ageuke, aketi. Simu au kengele iwe mahali mkono unapofika akiwa amelala sakafuni. Ikitundikwa kwenye kimo cha mtu aliyesimama, hataifikia.