Uchambuzi wa Saketi: Ushauri wa Vibarazani na Ukweli Wake

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Tanga wanaotaka kusomea uhandisi wa umeme hubaki na miezi michache kabla ya vyuo kufunguliwa. Miezi hiyo ni mali. Kinachonitia wasiwasi ni ushauri wanaopewa vibarazani, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni: unatoka kwa watu wenye nia njema, ila mwingi si sahihi. Uchambuzi wa saketi, yaani kukokotoa mikondo na volteji kwenye mchoro wa umeme, ndio unaobeba karibu masomo yote ya fani hiyo, kwa hiyo inafaa kuusahihisha mapema.

"Kaa na fundi umeme, utaingia chuo umeshaiva."

Kukaa na fundi kuna faida: utazijua swichi, breka na waya. Lakini mtihani wa somo hili hukupa mchoro wenye vyanzo viwili vya umeme na rezista tano (vifaa vinavyokinza mkondo), ukakutaka utafute mkondo unaopita kwenye mojawapo. Hiyo ni kazi ya kalamu.

"Umeme hufuata njia nyepesi tu."

Hufuata kila njia iliyo wazi, ila hujigawa: penye ukinzani mdogo hupita mwingi, penye ukinzani mkubwa kidogo. Funga rezista ya omu 10 na nyingine ya omu 1,000 sambamba kwenye betri ya volti 12. Ya kwanza itapitisha ampia 1.2, ya pili ampia 0.012. Ni kidogo, lakini kipo, na maswali mengi ya mwaka wa kwanza husimama hapo hapo.

Wapo pia wanaoamini kwamba taa "hula" mkondo. Taa hutumia nishati. Mkondo unaoingia ndio unaotoka. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff aliitoa kanuni hiyo mwaka 1845, naye alikuwa bado mwanafunzi: jumla ya mikondo inayoingia kwenye nodi (mahali waya zinapokutana) ni sawa na jumla ya inayotoka.

"Jibu likitoka hasi, umekosea."

Hapa naomba tukae kidogo, maana dhana hii huwafanya vijana wafute kazi iliyo sahihi. Unapoanza hesabu, mwelekeo wa mkondo unaukisia tu. Jibu likija na alama ya kutoa, saketi inakwambia mkondo unakwenda upande wa pili.

Chukua nyumba yenye betri mbili za sola zilizofungwa sambamba. Moja ina volti 12.6, nyingine imechoka, ina volti 12.0, na kila moja ina ukinzani wa ndani wa omu 0.1. Taa na redio zinavuta ampia 2. Andika mlinganyo wa nodi, V ikiwa volteji ya hapo betri zinapokutana: (12.6 − V)/0.1 + (12.0 − V)/0.1 = 2. Utapata V = 12.2. Betri ya kwanza inatoa ampia 4. Ya pili inatoa ampia −2, yaani haisaidii chochote: inachajiwa na mwenzake. Kialama hicho kimoja kimekueleza kwa nini betri nzuri inaisha haraka. Aliyekifuta amefuta jibu lenyewe.

"Bila kalikulasi nzito usijaribu."

Kalikulasi itahitajika, kwa kuwa kapasita na indukta hufuata kasi ya mabadiliko ya volteji na ya mkondo. Ila wiki za mwanzo zinataka milinganyo miwili au mitatu itatuliwe kwa pamoja bila kupoteza alama za kujumlisha na kutoa. Hapo ndipo wengi hujikwaa, hata wenye alama nzuri. Nikishauri mada moja ya kurudia likizo hii baada ya milinganyo hiyo, ni namba changamano, yaani zile zenye i, kipeuo cha pili cha −1. Umeme wa gridi, ukiwemo unaozalishwa kwenye mto Pangani, huzunguka mara 50 kwa sekunde. Masafa yakiwa ni yale yale saketi nzima, kinachobaki kuhesabiwa ni ukubwa na pembe, na namba changamano hubeba vyote viwili. Mhandisi Charles Steinmetz aliieneza njia hiyo kuanzia mwaka 1893. Wahandisi huandika j badala ya i, kwa sababu i imeshachukuliwa na mkondo.

Ukishazoea mawimbi hayo utaelewa pia kwamba volti 230 za ukutani si kikomo: ni wastani maalumu wa wimbi linalofika kilele cha takribani volti 325.

"Nunua vifaa kwanza."

Daftari na kikokotoo vinatosha. Mwenye kompyuta apakue LTspice, programu ya kuigiza saketi, ni ya bure; atatue swali kwa mkono kwanza, kisha programu imhakikishie. Mwenye kutamani kushika vitu kwa mikono atumie betri ndogo za tochi na rezista chache. Soketi ya ukutani isiguswe kabisa. Betri ya gari nayo si ya kuchezea: volti zake ni 12 tu, lakini nguzo zake zikigusanishwa kwa waya hutoa mamia ya ampia, na waya huo huwaka mkononi.