Kabla hujasema "vijana wa siku hizi", niletee kwanza barua yako ya ajira

Mi kazi yangu ni kukaa katikati ya watu waliogombana kazini. Nilisomea takwimu za ajira, baadae nikaingia kwenye usuluhishi, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa nimesikiliza kila aina ya lalamiko, mshahara umechelewa, cheo kapewa mwingine, bosi ana mdomo, lakini kuna moja siku hizi halikosekani na ndo linaloniuma kuliko yote. Mzee anasema hawa vijana hawataki kazi, wanataka mshahara tu. Kijana anajibu hawa wazee walikuta meza imejaa, wakala wakamaliza, sasa wanatushangaa sisi kwa nini tuna njaa. Na kila mmoja anaongea kwa uchungu wa kweli kabisa, hakuna anayeigiza, ndo maana nimeona niandike kwa kirefu manake nadhani wote wawili wanagombana na mtu asiyehusika.

Majina ya vizazi yanayotumika kwenye ugomvi huu yametoka Marekani halafu yakasambaa dunia nzima. Bebi buma, mi nitawaita mabuma kwa kifupi, ni waliozaliwa 1946 hadi 1964, pale Vita Kuu ya Pili ilipoisha, askari wakarudi nyumbani na uzazi ukapanda kwa kasi. Wamilenia ni wa 1981 hadi 1996 kwa mipaka iliyowekwa na Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, na jina lao lilitokana na waandishi William Strauss na Neil Howe waliolitumia kwenye kitabu chao cha 1991. Katikati kuna kizazi X ambacho kwenye ugomvi huu hata hakitajwi. Sasa angalia kitu hapo. Buma wa kwanza alifikisha miaka 18 mwaka 1964, wa mwisho akafikisha 18 mwaka 1982, na kufikia mwisho wa mwaka huo ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa asilimia 10.8. Huyo wa kwanza na huyo wa mwisho unawapa tabia moja kwa msingi gani? Mmoja aliingia sokoni milango iko wazi, mwenzake alikuta foleni imefika barabarani.

Kwenye fani yetu kuna vitu vitatu vya kutenganisha na ukivichanganya umeshapotea. Kuna umri, yaani mtu anafanya hivi kwa sababu ana miaka 25, akifika 50 ataacha mwenyewe. Kuna nyakati, yaani mwaka huu kila mtu anafanya hivi, mkubwa kwa mdogo, kama 2021 Wamarekani walipokuwa wanaacha kazi kwa mamilioni kila mwezi. Halafu kuna rika lenyewe, yaani kitu kilichowashika waliozaliwa pamoja na hakitawaachia mpaka uzeeni. Shida ni kwamba ukitoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka tulionao unapata umri, kwa hiyo ukijua viwili cha tatu kimeshajileta chenyewe, na hesabu peke yake haiwezi kukuambia kipi ndo kimesababisha, lazima utafute ushahidi wa ziada. Huu sio ubishi wa wasomi, kuna watu wamenyimwa kazi au wamepunguzwa kazini kwa sababu kuna aliyechanganya hivi vitatu.

Chukua hili la kuhamahama kazi ambalo wamilenia wanapigwa nalo kila siku. Idara ya takwimu za kazi ya Marekani imekuwa inawafuatilia watu wale wale tangu 1979, watu waliozaliwa 1957 hadi 1964, na imewahoji miaka nenda rudi. Kwa wastani mtu mmoja wa kundi hilo alishafanya kazi zaidi ya 12 tofauti kuanzia miaka 18 hadi alipovuka 50, na karibu nusu ya hizo alizifanya kabla hajafika miaka 25. Hao ni mabuma hao! Wale tunaoambiwa waliingia sehemu moja wakatokea hapo hapo na saa ya ukutani ya zawadi ya kustaafu. Na 2017 Pew walipowalinganisha wamilenia na kizazi X walipokuwa na umri ule ule, hawakukuta kwamba wamilenia wanaruka kazi kwa kasi zaidi. Kijana anahama kwa sababu ni kijana, bado anatafuta pa kukaa. Mzee aliyetulia leo naye alihama sana, ila ameshasahau.

Na kusahau huku kumechunguzwa vizuri. Wanasaikolojia John Protzko na Jonathan Schooler walitoa utafiti 2019 kuhusu kwa nini watu wazima wanaona vijana wameharibika, na walichokuta kilinikalisha chini. Mtu anayeheshimu sana mamlaka ndiye anayeona zaidi kuwa vijana hawana heshima. Mtu aliyesoma vitabu vingi ndiye anayeona zaidi kuwa vijana hawapendi kusoma. Yaani pale ulipo na nguvu ndipo unapoona wadogo zako wamepungukiwa, manake unapojaribu kukumbuka ujana wa rika lako unachota kwenye wewe wa leo, unajiona ulikuwa hivi hivi tangu zamani na wenzako wote pia. Sio uongo wa makusudi, ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi. Mwaka 1976 mwandishi Tom Wolfe aliita muongo ule Muongo wa Mimi, na vijana wa wakati huo ni mabuma. 2013 jarida la Time likatoa jalada lililosema kizazi cha Mimi Mimi Mimi, safari hii ni zamu ya wamilenia. Shutuma ile ile, imehama tu mtu wa kuibeba.

Sasa watu wakisikia hivi wanadhani nasema hakuna tofauti yoyote. Hapana. Tofauti ipo tena kubwa, ila haiko rohoni mwa watu, iko kwenye masharti waliyoyakuta mlangoni siku ya kwanza.

Mchumi Lisa Kahn aliwafuatilia waliomaliza chuo Marekani kati ya 1979 na 1989. Waliohitimu uchumi ukiwa mbaya walianza na mshahara mdogo, sawa, hilo kila mtu angelitegemea, lakini walikuwa bado nyuma hata baada ya miaka 15, uchumi umeshapona zamani na wao bado wanachechemea. Rudia kusoma hiyo miaka, wengi wao ni mabuma wa mwishoni. Kijana anayesema wazee wote waliokota hela chini hawajui hawa, wala hawajui wanawake wa Marekani walioanza kazi kabla ya sheria ya 1978 iliyoweka wazi kwamba kumbagua mtu kazini kwa ujauzito ni kosa. Kabla ya hapo binti akionekana tumbo alikuwa anaweza kabisa kuonyeshwa mlango. Nao ni mabuma hao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila hapa hata wenye njaa hawajuani.

Halafu ikaja 2008. Benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilianguka tarehe 15 Septemba, Oktoba 2009 ukosefu wa ajira Marekani ukafika asilimia 10, na wamilenia wengi ndo kwanza wanatafuta kazi ya kwanza. Jeraha ambalo Kahn alilipima kwa waliotangulia likawapata na hawa, tena wengi wakiwa na mkopo wa chuo mgongoni.

Kuna takwimu moja ambayo huwa naibeba kila kikao. Mchumi Raj Chetty na wenzake waliuliza swali rahisi, je mtoto akifika miaka 30 anapata kipato kikubwa kuliko wazazi wake walipokuwa na umri huo? Kwa Wamarekani waliozaliwa 1940 jibu lilikuwa ndiyo kwa watu kama 90 katika kila 100. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980, kama 50. Vijana wakiona hiyo wanapiga meza, si unaona! Nawaambia ngojeni, angalieni njiani palipita nini, manake anguko kubwa zaidi lilitokea kati ya waliozaliwa 1940 na waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Yaani ngazi ilianza kukatika mabuma wenyewe wakiwa wamesimama juu yake. Hawakukata wao. Na hata pensheni, ile sheria ya kodi ya Marekani iliyofungua mlango wa akiba za uzeeni ziitwazo 401(k), ambapo hatari ya kuishiwa uzeeni ilihamia kwa mfanyakazi badala ya mwajiri, ilipitishwa 1978, na buma mkubwa kuliko wote mwaka huo alikuwa na miaka 32. Mzee wa meza ya jirani yako hakuwa kwenye hicho kikao.

Nirudi kwenye kazi yangu sasa.

Niliwahi kuitwa kusuluhisha mzee mmoja, amebakiza muda mfupi astaafu, na binti mmoja wa umri wa kuwa mwanae. Mzee alikuwa ameandika lalamiko rasmi kwamba binti hana moyo wa kazi, ikifika saa kumi na moja anafunga kompyuta na kuondoka hata kama kuna kitu kimebaki. Binti naye amevimba. Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya, mzee anasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa natoka hapa usiku, taa zimezimwa, na sikumdai mtu." Binti anamjibu, "Baba, na mimi ningetoka usiku kama ningejua mwakani nitakuwepo." Wakanyamaza, kila mtu anaangalia pake. Nikawaomba kitu kimoja, kikao kijacho kila mmoja aje na karatasi alizosaini alipoajiriwa.

Mzee alikuja na bahasha ya kaki. Ndani yake barua imekunjwa mara nne, kwenye mikunjo imeanza kuachia, imepigwa taipu, na neno "kudumu" limepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu. Nikamuuliza nani alipiga huo mstari, akasema yeye mwenyewe, usiku wa siku aliyoipokea. Binti hakuja na karatasi, alitoa simu. Mikataba mitano. Kila mmoja wa miezi sita, na katika mitatu kati ya hiyo aliandikiwa upya muda wa majaribio ilhali anakaa meza ile ile, anafanya kazi ile ile, kwa bosi yule yule.

Nikawaambia wabadilishane. Binti alisoma barua ya mzee taratibu, akafika kwenye kipengele kinachosema mwajiriwa atahamishwa kituo chochote wakati wowote bila kuulizwa, akamuuliza kama waliwahi kumhamisha kweli. Mzee akasema mara nne, na mara ya pili mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye hayupo, alimuona ameshaanza kukaa. Binti hakuwa analijua hilo, alidhani mzee alikuwa anasifia tu zamani zake.

Mzee naye alivaa miwani akashika simu kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumponyoka, akawa anasukuma kwa kidole kimoja, anasoma mstari kwa mstari, mkataba wa kwanza, wa pili, wa tatu, mi nimekaa kimya tu. Ndo nikawa nawaza hesabu waliyoibeba kila mmoja kichwani. Mzee kukaa mpaka usiku ilimlipa, kulikuwa na cheo mbele, kulikuwa na pensheni mwisho, kila saa aliyoiongeza ilikuwa inaingia mahali. Saa ya binti ikivuka kumi na moja haiingii popote, mkataba ukiisha kila kitu kinaanza sifuri. Ukiwabadilisha, ukampa binti ile barua yenye mstari wa bluu na mzee ile mikataba mitano, nina uhakika mzee angekuwa anafunga kompyuta saa kumi na moja kamili. Wote wawili walikuwa wachapakazi, kila mmoja kwa masharti aliyopewa.

Watafiti wengi wamefika hapo hapo kwa njia nyingine. David Costanza na wenzake 2012 walikusanya tafiti 20 zilizolinganisha vizazi kwenye kuridhika na kazi, kujitoa kwa mwajiri na nia ya kuacha kazi, tofauti walizokuta zilikuwa za wastani au ndogo, nyingi karibu sifuri. Mwaka 2020 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zikatoa ripoti nzima kuhusu suala hili na kuwashauri waajiri wasitumie haya makundi ya vizazi kupanga namna ya kuongoza wafanyakazi. Hata Pew, ambao mipaka yao ndo kila mtu anaitumia, walitangaza 2023 kwamba wataacha kutumia majina haya kama mazoea. Na bado mialiko naletewa kila mwezi, tunaomba utufundishe jinsi ya kuishi na wamilenia. Huwa nakataa. Nawaambia nileteeni mikataba yenu nitawaambia kwa nini watu wanaondoka, wengi hapo hawanipigii tena.

Mzee alipofika mkataba wa nne akasimama. Akarudi juu, akashuka tena, akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Hii ya nne mbona haina likizo?"

"Zote hazina, baba."

Akaniangalia mi, halafu akamuangalia tena binti, akaomba amuonyeshe ya tano, wakawa wameinama wote juu ya ile simu. Lalamiko lake alilifuta siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nikaletewa jingine mezani, linahusu mikataba ya miezi sita na likizo, limeandikwa kwa mwandiko wa mzee, chini kuna sahihi mbili.