IgE kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi: namba ile ina maana gani?

IgE, ambayo namba yake huandikwa kwenye majibu ya kipimo cha damu, ni kingamwili (protini ya kinga ya mwili) ya mzio. Katika aina tano za kingamwili za binadamu, hii ndiyo iliyochelewa kugunduliwa (jina lake lilipitishwa mwaka 1968), kwa kuwa kwenye damu ni chache mno. Kazi yake huifanya ikiwa imeng'ang'ania juu ya seli za mast, aina ya seli za kinga zilizojaa kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo. Ikinasa kitu inachokitambua, mathalani protini ya yai, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta dalili za mzio. Mtoto huvimba midomo, hutoka vipele, hutapika au hukohoa ndani ya dakika chache, mara chache kupita saa mbili.

Ukurutu, au pumu ya ngozi kama wengi wanavyouita, hauendi kwa mwendo huo. Ngozi ya mwenye ukurutu ni dhaifu tangu mwanzo: hupoteza maji, hukauka, hupasuka. Chembe za chakula na vumbi la nyumbani hupenya kwenye nyufa hizo, na mwili ukikutana nazo kwa njia hiyo huzitengenezea IgE. Kwa hiyo mara nyingi ukurutu ndio hutangulia na IgE hufuata. Mzazi akiona karatasi ya maabara hugeuza mpangilio huo, akasema karanga ndizo zilizoharibu ngozi.

Karatasi huwa na namba za aina mbili. IgE ya jumla hupanda na umri: mtoto wa mwaka 1 kwa kawaida hana zaidi ya 15 kU/L hivi (kU/L ni kipimo cha wingi wake kwa lita), mtu mzima 100 hivi. Mwenye ukurutu mkali anaweza kufika maelfu, ilhali wapo wenye ukurutu ambao namba yao ni ya kawaida kabisa. Kwetu kuna jambo jingine: minyoo ya askaris, safura na kichocho nayo huipandisha sana, na haishuki mara tu mtoto akishapewa dawa ya minyoo. IgE ya jumla peke yake, basi, haitaji chakula chochote wala haithibitishi mzio.

IgE mahususi hupimwa kwa kitu kimoja kimoja: yai, maziwa ya ng'ombe, karanga, utitiri wa vumbi, mende. Kuanzia 0.35 kU/L maabara nyingi huandika "chanya". Chanya hapo maana yake mwili unakitambua kitu hicho, si lazima kimdhuru mtoto. Namba ikiwa kubwa, uwezekano wa mzio wa kweli huongezeka, lakini haisemi shambulio litakuwa kali kiasi gani. Kwa mtoto mwenye IgE ya jumla ya maelfu, pima vyakula 20 kwa mkupuo na utapata chanya nyingi hafifu za bure.

Hapo ndipo madhara huanza. Yai, maziwa, samaki na karanga huondolewa siku moja, mtoto anapungua uzito, ngozi iko vilevile. Zaidi ya hayo, chakula alichokuwa akikila bila shida kikikatwa kwa miezi, kinaweza kumletea shambulio la ghafla siku kikirudishwa. Anachokula salama kisikatwe kwa sababu ya namba.

Kipimo kina maana pale mtoto alipopata dalili za haraka baada ya chakula fulani, au kwa mtoto mchanga mwenye ukurutu mkali asiyepata nafuu ingawa anapakwa mafuta ya kutosha (gramu 250 au zaidi kwa wiki) na krimu ya steroidi ipasavyo. Hupimwa kinachoshukiwa tu. Cetirizine, dawa ya kutuliza mzio, haiharibu kipimo cha damu; kile cha kuchoma ngozi kwa sindano ndogo huhitaji iachwe siku 5 hadi 7.

Mzio wa maziwa na mayai watoto wengi huushinda wakikua. Kwa hao kipimo hurudiwa kila mwaka hivi, na namba ikishuka daktari huweza kupanga kujaribu chakula hicho hospitalini, kidogo kidogo, adrenalini, dawa ya dharura ya shambulio la mzio, ikiwa karibu.