ELIMU KWA UMMA: Kabla Hujaleta Sampuli Yako Kupimwa Usumaku

Malalamiko yameongezeka kwamba kitengo chetu cha vipimo "kinakataa" matokeo ya watafiti. Ieleweke kwamba hatukatai namba iliyosomwa na mashine. Tunachokataa kutia saini ni maelezo kwamba namba hiyo imetoka kwenye semikondakta (kipitishi nusu cha umeme), wakati hakuna kinachothibitisha hivyo.

Chukua galiamu asenaidi, semikondakta, iliyotiwa metali ya manganizi. Atomi ya manganizi ikikaa mahali pa galiamu, inaleta spini yake (usumaku mdogo wa elektroni zake) na pia inaacha shimo, yaani nafasi ya elektroni iliyokosekana. Mashimo hayo yakizunguka ndiyo yanayozielekeza spini upande mmoja. Ndiyo maana mwaka 2000 iliwezekana, kwenye indiamu asenaidi yenye manganizi, kuwasha na kuzima usumaku kwa volti peke yake. Kundi la Hideo Ohno wa Japani lilitangaza mwaka 1996 galiamu asenaidi yenye manganizi na usumaku, na kufikia mwaka 1998 usumaku huo ulidumu hadi Kelvin 110. Baadaye, kwa kupasha matabaka (utando mwembamba wa semikondakta hiyo) joto la wastani ili kufukuza manganizi iliyojibana katikati ya atomi nyingine, kiwango kilipandishwa hadi karibu Kelvin 200, ambayo bado ni nyuzi 70 na ushei chini ya sifuri ya Selsiasi. Kwa hiyo tunaomba sana: msitulaumu kwamba sampuli "haishiki sumaku" mezani, kwenye joto la kawaida. Haikutarajiwa ishike.

Ikishika, hapo ndipo tunapoanza kuwa na wasiwasi. Galiamu asenaidi haipokei manganizi kwa hiari. Tabaka hukuzwa kwenye joto la chini, nyuzi 250 hivi za Selsiasi, ili manganizi isipate nafasi ya kujikusanya. Joto likizidi, hujitenga vipunje vya manganizi asenaidi, na vipunje hivyo ni sumaku hadi nyuzi 40 za Selsiasi. Wengi wanaofika wakishangilia "usumaku wa joto la kawaida" wametuletea hivyo vipunje.

Halafu kuna uchafu. Tabaka la nanomita 50, lenye upana wa milimita 5 kwa 5 na manganizi asilimia 5, lina nguvu ya sumaku sawa na takriban robo ya mikrogramu ya chuma. Robo ya mikrogramu! Kiasi hicho huachwa na kibano bila mtu kukiona. Mwaka 2005 watafiti waliopima oksidi ya hafniamu walionyesha kwamba ishara ya usumaku kama ile iliyokuwa imeripotiwa kwenye oksidi hiyo inaweza kutokana na kushika sampuli kwa kibano cha chuma cha pua.

Utaratibu basi ni huu. Tumia kibano cha plastiki au cha titani, kuanzia siku tabaka linapotoka kwenye chemba ya kukuzia, si asubuhi ya kuja kwetu. Kingo zilizokatwa kwa kisu cha chuma zisafishwe kwa asidi ya hidrokloriki. Indiamu iliyogandisha sampuli kwenye kishikio ikwanguliwe yote mgongoni, kwa kuwa chini ya Kelvin 3.4 hugeuka kipitishi kikuu, kinachopitisha umeme bila ukinzani, na kuharibu usomaji. Leta pia kipande kitupu cha msingi (bamba ambalo tabaka limekuzwa juu yake), kutoka bamba lilelile. Msingi wa nusu milimita ni mnene mara 10,000 kuliko tabaka lako, nao una mwitikio wake unaopaswa kutolewa kwenye hesabu. Fomu ionyeshe unene, kiasi cha manganizi na joto la ukuzaji. Andika pia tabaka limekuzwa juu ya nini: likibanwa na msingi, sumaku kwa kawaida hulala sambamba na tabaka, likivutwa, husimama wima. Bila hilo hatujui tuelekeze uga wa sumaku upande gani.

Sampuli isiyo na kipande cha msingi hurudishwa bila kupimwa, na nafasi kwenye foleni hupewa anayefuata. Ikibainika ilishikwa kwa chuma, kipimo kinafutwa na maombi yanaanza upya. Barua kutoka kwa mkuu wa idara haibadilishi hilo.

Anayetaka tuandike kwamba usumaku unabebwa na mashimo alete pia vipimo vya Hall (volti inayojitokeza kando ya mkondo wa umeme ndani ya uga wa sumaku) vya sampuli hiyohiyo, vilivyochukuliwa chini na juu ya halijoto ya Curie, yaani ile ambayo usumaku hupotea juu yake. Vipimo vya sampuli "inayofanana nayo" havipokelewi.