Vichafuzi sugu kwenye mnofu wa samaki: ni nini, na vinapimwaje

Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika Mtwara na Lindi, salfa hutanda mashambani, na ni rahisi kudhani kwamba hiyo ndiyo sumu inayotafutwa kwenye samaki. Siyo. Salfa inawasha macho na kifua cha anayepulizia, lakini haimo katika kundi la vichafuzi sugu. Vichafuzi sugu vya kikaboni ni kemikali zenye kaboni ambazo hukaa miaka mingi bila kuoza, husafiri mbali kwa hewa na maji, na huganda kwenye mafuta ya viumbe. Dawa za kuua wadudu DDT na dieldrini zimo, na PCB pia, iliyokuwa ikitiwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa mataifa kudhibiti kemikali hizi, ulianza na kemikali 12. Sasa orodha ni ndefu zaidi.

Majini ni chache mno, kwa hiyo hupimwa samaki. Dagaa hula vijidudu vingi, kolekole hula dagaa wengi, papa naye hula kolekole, na kila hatua kemikali inabaki mwilini na kuongezeka. Hata silikanti, samaki wa kina kirefu ambaye wavuvi wa Kilwa nao humnasa, hajasalimika: waliopimwa kutoka Komoro walikutwa na DDT na PCB.

Hupimwa mnofu kwa sababu ndio unaoliwa. Ini lingetoa namba kubwa zaidi. Samaki akishanunuliwa mnadani, urefu na uzito wake huandikwa, kisha hukatwa kipande cha mgongoni, bila ngozi. Kipande hufungwa kwa karatasi ya foili iliyosuuzwa kwa kiyeyushi, yaani kimiminika kinachoyeyusha mafuta. Mfuko wa plastiki unaweza kutoa kemikali zake na kuharibu kipimo, na hapo kazi nzima inakuwa bure. Kwenye maabara mnofu ulioganda husagwa, hukaushwa, na mafuta yake huvutwa kwa kiyeyushi kama heksani. Mafuta hayo hupimwa uzito, kisha husafishwa, kwa DDT na PCB mara nyingi kwa asidi kali ya salfa, ili kibaki kinachotafutwa. Mashine ya kromatografia ya gesi hutenganisha kemikali moja moja na kusoma kiasi chake kwa nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu.

Wengi hukosea kwenye kusoma jibu. Tuseme changu na kibua wote wana nanogramu 2 za DDT kwa gramu ya mnofu mbichi. Kama changu ana mafuta asilimia 1 na kibua asilimia 10, basi kwa gramu ya mafuta changu ana 200 na kibua 20. Mlaji ahesabu kwa mnofu mbichi; ndivyo Umoja wa Ulaya ulivyoweka kikomo cha nanogramu 75 kwa gramu, jumla ya aina sita za PCB, kwa samaki wengi. Anayelinganisha ghuba ya Mikindani na Kilwa Masoko ahesabu kwa mafuta, la sivyo atakuwa analinganisha unene wa samaki.

Tena DDT ikikaa hugeuka polepole kuwa DDE. DDE ikizidi sana, ni masalia ya zamani. DDT yenyewe ikizidi, huenda bado inamwagwa mahali fulani, na wapimaji huanza kupanda Lukuledi au Ruvuma kuchota tope la mtoni.