Rivyu mara thelathini: gemu ya dola tano huwa imeuza ngapi hasa?

Mtu akiona gemu ya dola tano kwenye Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ina rivyu 400 anaanza kumpigia mwenyewe hesabu ya utajiri. Sasa elewa kwanza, Steam haitangazi kopi ngapi zimeuzwa, hio ni siri ya mtengenezaji na Valve wenye duka, kwa hivyo ukisikia gemu fulani imeuza elfu kumi na mbili na si mwenyewe aliyesema, jua hapo mtu amekadiria tu, na mara nyingi amekadiria kwa rivyu.

Wazo lenyewe si gumu. Wanaonunua ni wengi, wanaoandika rivyu ni wachache, lakini huo uchache hauchezi ovyo, ukilinganisha gemu nyingi unakuta kiwango kinakaribiana, so unachukua rivyu unazidisha. Namba ya kuzidishia watu wanaiita namba ya Boxleiter, jina la Mike Boxleiter, mtengenezaji gemu mmoja wa Marekani. Zamani watu walikuwa wanazidisha kwa 60 na kwenda juu, siku hizi wengi wanashika 30 hivi, na sababu moja ni kwamba tangu 2019 Steam yenyewe inamkumbusha mchezaji aandike rivyu, zikaongezeka, namba ikashuka. Kulikuwa na Steam Spy pia, ya Sergey Galyonkin, ilianza 2015, hio ilikuwa inachungulia profaili za wachezaji inaona nani ana gemu gani, lakini April 2018 Valve wakafanya orodha ya gemu za mtu iwe imefichwa mpaka aifungue mwenyewe, na uhakika wake ukapungua sana.

Kwa hivyo rivyu 400 mara 30 ni kopi 12,000. Ukizidisha kwa 20 ni 8,000, kwa 50 ni 20,000. Mimi nikisoma makadirio yenye namba moja tu, kavu, bila ya chini na ya juu, siyaamini, maanake tofauti ya 8,000 na 20,000 ni mshahara wa watu.

Na gemu za bei rahisi ndizo zinazosumbua zaidi. Gemu ya dola tatu mtu anainunua wakati wa ofa, anaiweka huko, hata haifungui, na asiyecheza haandiki rivyu, so hapo kopi ni nyingi kuliko rivyu zinavyoonyesha. Halafu kuna zile gemu za kichekesho, watu wananunua makusudi waandike rivyu ya mzaha mstari mmoja, hapo mambo yanageuka, rivyu nyingi kopi chache. Kuna na kopi zinazouzwa nje ya Steam kwa namba za siri za kufungulia gemu, zile za mafurushi ya gemu kumi kwa bei ya moja. Rivyu za hao haziingii kwenye alama ya gemu, Valve walizitoa 2016, kwa hivyo angalia unahesabu rivyu za nani, na hakikisha umechagua lugha zote, usije ukahesabu za Kiingereza peke yake.

Haya, pesa sasa. Kijana mmoja hapa Kisauni, Mombasa, anajifunza Godot, programu ya kutengenezea gemu, akaniambia, "Bro, 12,000 mara dola 4.99 si ni karibu elfu sitini?" Nikamwambia ndio, ni 59,880, lakini hio hakuna anayeishika. Ukimuona dereva wa tuktuk wa Bombolulu amepakia watatu watatu siku nzima huwezi kuzidisha nauli kwa abiria ukasema ndio pesa anayoenda nayo nyumbani, kuna petroli, kuna hesabu ya tajiri.

Tukakaa tukakata pamoja. Kwanza si kila mtu alilipa 4.99, wengi walingoja diskaunti, na nchi nyingi bei ya Steam iko chini kuliko ya Marekani, so tuseme wastani ni dola 2.80, tayari tumebaki na 33,600. Kuna wanaorudisha, Steam inamrudishia mtu pesa yake akiomba ndani ya siku 14 na hajacheza masaa mawili, na gemu fupi ya dola tano mtu anaweza kuimaliza kabla ya hayo masaa mawili kisha akairudisha, hili linawauma sana wenye gemu ndogo. Toa asilimia 10, inabaki 30,000 na kitu. VAT za Ulaya na kwengineko ziko ndani ya bei ile ile, toa kama elfu tatu. Kwenye 27,000 Steam wanachukua asilimia 30, na hio asilimia haishuki mpaka gemu ipite dola milioni 10, so kwetu hilo ni neno la wakubwa. Tuko 18,900. Halafu Marekani, Kenya haina mkataba wa kodi nao, kwa hivyo sehemu ya mapato iliyotoka kwa wanunuzi wa Marekani inakatwa asilimia 30 nyengine. Ikiwa theluthi ya wanunuzi wako huko, unafika 17,000.

Elfu sitini imekuwa kumi na saba. Kwa shilingi ni milioni mbili na ushei, ambazo si mbaya wallahi, lakini gawa kwa watu watatu waliokaa nayo miaka miwili, na KRA, watu wa kodi wa Kenya, bado hujawalipa.

Kosa lengine ni kuchukua mfano wa Vampire Survivors, ilianza kwa dola 2.99 ikauza mamilioni, ukajifanya ndio kawaida. Tafuta gemu za aina yako, bei yako, zilizotoka mwaka mmoja, na usiruke zile zenye rivyu sita. Kuweka gemu Steam ni dola 100, na unarudishiwa gemu ikifikisha mapato ya dola 1,000. Kwa gemu ya 2.99 inayoishia kwa wastani wa dola mbili hizo ni kopi 500, yaani rivyu kama 17. Pitia gemu mpya za wiki yoyote uone ngapi hazijafika rivyu 17.